Shusha Chuma Ukiwa Umekishika: Mwongozo wa Kelele na Kuangusha Uzito Jimuni

Watu wa jimu hubishana sana kuhusu kelele. Mmoja atakwambia kunyanyua vyuma ni kazi nzito, na kazi nzito haina kimya. Mwingine atakwambia amelipa ada yake ili afanye mazoezi kwa utulivu, hakulipa arushwe roho kila baada ya dakika mbili. Ubishi huo hauishi kwa sababu wote wawili wanaipima sauti, na sauti ni matokeo tu. Kinachofaa kupimwa ni mkono: mzigo ulifika chini ukiwa umeshikwa, au ulifika wenyewe? Mara nyingi chuma kinachopiga kishindo kimeachwa njiani na mtu ambaye bado alikuwa na nguvu za kukisindikiza.

Hatua zinazofuata nimezipanga kwa jinsi mambo yanavyokuja ukiwa ndani ya jimu. Ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo ningependa uirudie zaidi.

Hatua ya 1: Soma sahani na sakafu kabla hujanyanyua

Angalia vitu viwili: umeshika nini, na chini kuna nini.

Sahani za barbeli, yaani mtaimbo mrefu unaovishwa sahani za uzito kila upande, ni za aina mbili kuu. Kuna za chuma, na kuna za mpira mzito zilizotengenezwa kwa makusudi ziweze kuangushwa. Namna rahisi ya kuzitofautisha ni kuangalia ukubwa wake. Sahani kamili za mpira za mtindo wa Olimpiki zina kipenyo kimoja cha milimita 450, iwe ya kilo 10 au ya kilo 25. Zinachotofautiana ni unene. Zimefanywa hivyo ili zote ziguse sakafu kwa wakati mmoja na kugawana pigo. Za chuma hupungua ukubwa kadiri uzito unavyopungua. Rangi nazo husaidia: katika mashindano nyekundu ni kilo 25, bluu 20, njano 15 na kijani 10, na jimu nyingi hufuata mpango huo. Lakini usitegemee rangi peke yake, kwa sababu chuma nacho hupakwa rangi.

Inayowadanganya wengi ni sahani ya chuma iliyovishwa mpira mwembamba. Ule mpira unalinda vidole na kuzuia kutu, sakafu hauilindi. Ukiiangusha, utasikia sauti nzito badala ya mlio wa kengele, ukadhani mambo ni salama, kumbe pigo lote limeingia kwenye zege.

Hata sahani za mpira zina mipaka. Ya kilo 5 ni nyembamba; ikibaki peke yake kila upande na barbeli ikaachiwa kutoka juu, inajikunja, inapasuka, au pete ya chuma iliyo katikati inalegea. Ya kilo 10 nayo si ya kuonea. Kama uzito wako ni mdogo kiasi hicho, ushushe kwa mikono, hautakushinda.

Mtaimbo mtupu hauangushwi popote, hata kwenye jukwaa la wanyanyuaji. Wa wanaume una kilo 20 na urefu wa mita 2.2, wa wanawake kilo 15 na mita 2.01, na ncha zake huzunguka juu ya beringi au bushi. Bila sahani za kuubeba, zile ncha ndizo zinazogonga sakafu. Baada ya muda hazizunguki vizuri, au mtaimbo wenyewe unapinda kidogo, kiasi ambacho hutakiona mpaka uuweke kwenye raki, zile nguzo zenye ndoano za kuubeba, na kuuzungusha. Atakayeumia kiwiko kwa mtaimbo huo huenda akawa mtu usiyemjua kabisa.

Kuhusu sakafu, hapa hesabu kidogo inasaidia. Barbeli ya kilo 100 ikiachiwa kutoka urefu wa mita 1 hufika chini na nishati ya takriban juli 980. Ikiachiwa kutoka mita 2, nishati hiyo huwa maradufu. Sasa, nguvu ya pigo inategemea mzigo umepewa nafasi gani ya kusimama. Mpira ukibonyea sentimita 2, ule mzigo wa mita 1 unagonga kwa wastani wa nguvu inayolingana na tani 5. Chuma kikikutana na kigae na kusimama ndani ya milimita 5, ni tani 20. Ndiyo maana kigae hupasuka, na ndiyo maana mikeka laini ya povu, ile ya kuunganisha kama fumbo, haisaidii: inajibana mara moja mpaka mwisho na kuliachia pigo lipite.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba kishindo hakisafiri hewani pekee. Mtetemo huingia kwenye zege, hupanda nguzoni, na kutokea kwenye dari la watu wa chini au ukuta wa ofisi ya jirani. Mkeka wa mpira hupunguza ule mlio mkali unaousikia wewe. Ule mdundo mzito hupita. Ukiwa ghorofani, kile unachokisikia wewe si kipimo cha wanachokisikia wao.

Hatua ya 2: Jua ni mnyanyuo gani una ruhusa ya kuachiwa

Ipo mizigo inayostahili kuachiwa, na ni haki kulisema hilo wazi, kwa sababu wanyanyuaji wa mtindo wa Olimpiki hulaumiwa bila kosa. Katika snachi (kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja), na katika klini na jeki (hadi mabegani kwanza, kisha juu), barbeli huishia juu ya kichwa. Kuirudisha chini taratibu ikiwa imejaa uzito ni kuyatesa mabega na mgongo bila faida inayolingana. Kwa ajili hiyo yakatengenezwa majukwaa, na ya mashindano yana upana wa mita 4 kwa 4, na kwa ajili hiyo zikatengenezwa sahani za mpira. Mtu anayefanya minyanyuo hiyo juu ya jukwaa, kwa sahani zinazostahili, yuko mahali pake. Kama mdundo wake unakukera, sogea mbali kidogo na jukwaa.

Hata hivyo kuachia kuna ufundi wake. Kwa kanuni za mashindano ya kunyanyua uzito, mnyanyuaji husubiri ishara ya waamuzi ndipo ashushe, na haruhusiwi kuiachia barbeli ikiwa bado juu ya mabega. Lazima aisindikize kwanza. Fanya vivyo hivyo: simama imara, iache ishuke mbele yako huku mikono ikiifuata mpaka ipite mabega, kisha legeza. Baada ya hapo usigeuke uondoke. Barbeli ya sahani za mpira inaruka ikigonga, na inaweza kubingirika hadi kwenye kifundo cha mguu wa mwingine. Ikandamize kwa viganja inaporuka mara ya kwanza, ibaki palepale.

Kwa dedilifti, yaani kuinua barbeli kutoka sakafuni mpaka usimame wima nayo mapajani, hali ni tofauti, ingawa wengi huichanganya na minyanyuo hiyo. Katika mashindano ya pawalifti, ambako dedilifti ni mmojawapo wa minyanyuo, mshindani akiiachia barbeli kabla haijarudi chini akiwa ameidhibiti kwa mikono miwili, mnyanyuo wake unakataliwa. Watu wanaonyanyua zaidi ya kilo 300 wanatakiwa wazishushe wakiwa wamezishika. Anayefanya seti ya mara 8 jioni ya kawaida hana udhuru mkubwa kuliko wao.

Orodha ya visivyoachiwa ni fupi na haina mjadala. Dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja, haziachiwi, wala matufe ya chuma yenye mpini, wala sahani moja moja, wala barbeli yenye sahani za chuma, wala rundo la vyuma la mashine. Mpira wa mazoezi wa kupondea chini unapondwa, ndiyo kazi yake. Lakini hakikisha ni ule usioruka, kwa sababu ule unaoruka ukiupiga chini kwa nguvu unaweza kukurudia usoni.

Hatua ya 3: Jifunze kushusha

Hapa ndipo penye faida yako wewe mwenyewe. Msuli una uwezo wa kuhimili uzito mkubwa zaidi unaporefuka chini ya mzigo kuliko unapojikunja kuupandisha. Kwa maneno mengine, ukiweza kupandisha kilo 40, misuli hiyohiyo ina uwezo wa kuzishusha kwa utulivu, hata zikizidi kidogo. Na awamu hiyo ya kushusha ni sehemu kamili ya zoezi: inajenga msuli na kuimarisha kano. Anayeachia njiani amefanya nusu ya kazi aliyoijia. Sekunde 2 za kushusha zinatosha kwa mazoezi mengi.

Anza na dedilifti, maana ndiyo mama wa vishindo. Ukiwa umesimama wima na barbeli mapajani, usianze kwa kukunja magoti. Ukifanya hivyo barbeli itayazunguka magoti, itasogea mbele, na utalazimika kuiachia. Sukuma nyonga nyuma kwanza. Barbeli iteleze karibu na mapaja, mgongo ukiwa umenyooka. Ikishapita magoti ndipo uyakunje uimalizie chini. Vidole visifunguke mpaka usikie sahani zimetulia. Mwanzoni utadhani unafanya kazi mara mbili, na ni kweli unaifanya. Kama huwezi kuishusha hivyo kwa seti nzima, uzito ni mkubwa kwako leo. Punguza kilo 10 ukamilishe seti bila kuiachia. Sitetei kunyata: barbeli nzito ikigusa chini itasikika, hata ukiishusha vizuri. Tofauti kati ya kugusa na kupiga inasikika kwa mtu yeyote mwenye masikio.

Jambo la ziada kuhusu dedilifti: epuka sahani zenye pembe badala ya duara. Zinagusa chini kwa ncha, barbeli inageuka na kusogea, na mtu anaanza kuzitupa kwa hasira. Zikiwa ndizo pekee zilizopo, simamisha kila marudio, panga upya miguu, ndipo uendelee.

Dambeli za kifuani, zile unazozisukuma juu ukiwa umelala kwenye benchi, ndizo zinazofuata kwa fujo. Seti imeisha, mikono inatetemeka, na njia inayokuja haraka kichwani ni kuzitupa pande zote mbili. Zikitupwa, zinaruka upande usioutarajia, skrubu za vichwa vyake zinalegea, na vidole vya aliye jirani viko hatarini. Fanya hivi: ukimaliza marudio ya mwisho, zilete dambeli karibu na kifua, zikitazamana. Inua magoti mpaka mapaja yakaribie dambeli, ziegemeze juu yake, kisha bembea mbele uketi, ukitumia uzito wa miguu kukuinua. Sasa umekaa, dambeli ziko mapajani. Simama nazo, au ziinamie uziweke chini moja baada ya nyingine. Ukijifunza kwa dambeli nyepesi wiki hii, mwili utakumbuka wenyewe siku ya nzito.

Na usizishushe kwa kunyoosha mkono pembeni ukiwa umelala. Hiyo ni njia nyepesi ya kulichana bega. Kama ni lazima ziende chini ukiwa bado mgongoni, zivute kwanza karibu na mbavu, kunja kiwiko, kisha uziteremshe zikiwa karibu na benchi.

Mashine zina tatizo lake. Lile rundo la vyuma likigongana "kwa!" kila marudio, maana yake unaachia kebo mwishoni. Vyuma vinapasuka, kebo inachakaa, na pini inaweza kupinda. Tiba ni ndogo: simamisha mzigo ukiwa umebakiza upana wa kidole kabla vyuma havijakutana, kisha panda tena. Vyuma vigusane mara moja tu, mwisho wa seti, na kwa upole. Utashangaa namna misuli inavyowaka ukinyimwa mapumziko hayo madogo ya chini. Kwa mashine ya kusukumia miguu, rudisha vizuizi vya usalama kabla hujatoa miguu.

Kuirudisha barbeli kwenye raki, tembea nayo mpaka iguse nguzo zote mbili, kisha shuka. Usilenge ndoano moja moja. Kishindo kibaya zaidi jimuni ni cha barbeli iliyokosa ndoano ya upande mmoja.

Hatua ya 4: Panga namna ya kushindwa

Kila anayejisukuma atashindwa siku moja, na kishindo cha siku hiyo kinategemea ulichokiandaa kabla.

Kwa skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama ukiwa na barbeli mabegani, weka vyuma vya usalama vya raki chini kidogo ya kina chako cha mwisho. Jaribu kwa mtaimbo mtupu: shuka mpaka chini kabisa uone nafasi iliyobaki. Ukishindwa, unashuka zaidi kidogo na kuuegemeza mzigo juu yake, basi. Usiutupe kwa nguvu juu ya vyuma hivyo, kwa sababu mtaimbo unaogonga chuma kwa katikati ndio unaopinda haraka. Kuna wanaoachia barbeli nyuma ya mgongo na kuruka mbele. Hilo linawezekana kwa sahani za mpira peke yake, sehemu isiyo na mtu nyuma, na kwa mtu aliyefundishwa.

Kwa benchi, yaani kusukuma barbeli juu ya kifua ukiwa umelala, mtafute wa kukushikia barbeli ukishindwa kabla ya seti nzito, na mwambie mambo matatu: unakusudia kufanya mara ngapi, akusaidie ukisema neno gani, na kama umsubiri akupe barbeli au utaitoa mwenyewe. "Ndugu yangu, naomba unishike. Nafanya tano. Usiguse mpaka niseme 'shika'." Hayo yanatosha. Akikosekana wa kukushika, fanya ndani ya raki yenye vyuma vya usalama, au chukua dambeli.

Na wakati wa kutoa sahani, toa kwa zamu: moja kulia, moja kushoto. Barbeli iliyo rakini ikimaliziwa upande mmoja huku mwingine ukiwa na uzito, inapinduka, na mtaimbo unaruka juu kama shoka. Hilo ni hatari, achilia mbali kelele.

Hatua ya 5: Pumua, na sauti itoke kwa kadiri ya kazi

Kuguna hakuna ubaya wenyewe. Mnyanyuaji akivuta hewa, akakaza tumbo na kuibana pumzi, shinikizo la ndani ya tumbo huongezeka na uti wa mgongo hupata mhimili. Hewa hiyo inapotoka baada ya sehemu ngumu, mara nyingi hutoka na sauti. Utafiti uliofanywa kwa wachezaji wa tenisi umeonyesha kwamba wanapotoa sauti, mpira huenda kwa kasi kidogo zaidi. Mwili una sababu zake.

Lakini kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mwenye presha, mwenye ngiri, au mjamzito azungumze na daktari kwanza, na mara nyingi atashauriwa atoe pumzi taratibu anapopandisha badala ya kuibana.

Kwa mnyanyuo wa kawaida, toa hewa kwa nguvu kupitia midomo iliyobanwa kidogo, "ssss". Inafanya kazi ileile ya kulinda kiini cha mwili, na aliye mita 3 kutoka kwako hatageuka. Mguno wa marudio ya mwisho, uliokutoka bila kuupanga, hakuna mstaarabu atakayekulaumu kwa huo. Kinachochosha ni mayowe yanayoanza marudio ya kwanza kwa uzito unaoujua, au kupiga kelele kabla hata hujagusa mtaimbo. Kuna mwanafunzi wa siku ya kwanza kwenye kona, amechukua miezi kupata ujasiri wa kuingia, na sauti hiyo inamwambia kwamba hapa si pake.

Planet Fitness, kampuni ya jimu ya Marekani, imeweka king'ora chenye taa katika kumbi zake kwa ajili ya anayeguna mno au kutupa vyuma. Sikubaliani na njia hiyo. Kumwaibisha mtu mbele ya ukumbi mzima hakumwonyeshi namna ya kushusha, na anayejitahidi kwa haki hujikuta katika kapu moja na mharibifu.

Hatua ya 6: Kelele ndogo zinazojumlishana

Hizi ni rahisi, nitazipitia haraka. Sahani irudishwe kwenye mti wake kwa mikono miwili, usiivurumishe. Dambeli nazo zilazwe kwenye kitanda chake bila kugongeshwa. Simu isipigwe kwa sauti ya nje. Muziki wako ubaki masikioni mwako. Kwenye mashine ya kukimbilia, fupisha hatua na zitue chini ya mwili wako: miguu inayotua mbele sana ndiyo inayopiga mshindo, na ndiyo inayoumiza magoti. Anayerukia boksi atue kimya. Kutua kwa kelele ni ishara kwamba misuli haikupokea mzigo, viungo ndivyo vilivyoupokea.

Masikio yastahili neno la ziada. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, hupendekeza mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Muziki wa darasa la mazoezi ya kikundi unaweza kufika huko, na mtu anayepandisha sauti ya vipokea sauti vyake ili kuushinda muziki wa ukumbi anaongeza kelele juu ya kelele. Mwombe msimamizi apunguze. Ni ombi la afya, usilionee haya. Na anayefanya kazi humo kutwa, kocha au mhudumu, ndiye anayelipia gharama kubwa kuliko mteja wa saa moja.

Sikio moja liache wazi unapopita karibu na jukwaa au raki. Mtu akisema "kaa mbali!" unatakiwa usikie.

Hatua ya 7: Kumwambia mwenzako, na kuambiwa

Usimwendee mtu akiwa chini ya mzigo. Subiri amalize seti, aweke chini, apumue mara mbili tatu. Usimwendee ukiwa na hasira pia, maana sauti yako itamfikia kabla ya maneno yako. Anza na salamu, kisha sema jambo moja unaloweza kulithibitisha.

"Habari yako, kaka. Nimeona umefika kilo 30 kwa dambeli, hongera. Samahani, ukizitupa zinaruka hadi kwenye benchi yangu. Ungependa nikuonyeshe namna ya kuzileta mapajani?"

Mara nyingi jibu ni, "Aa, samahani sana, sikujua." Na ni kweli hakujua, wengi hujifunza kwa kutazama wengine, na wengine wenyewe walikuwa wakitupa. Kama ni mtu aliyekuzidi umri, mpe heshima yake kwanza: "Shikamoo mzee," halafu omba kama mdogo anavyoomba. Ukiona uso umekunjamana, usibishane. Mwendee kocha au msimamizi, umweleze ulichokiona bila kumpa mtu jina baya. Usirekodi video ya mtu umrushe mtandaoni. Hilo ni kosa kubwa kuliko la chuma.

Ukiambiwa wewe, vua vipokea sauti usikilize. Huna haja ya kueleza uzito ulikuwa mkubwa kiasi gani. "Asante, nitaangalia" inatosha, kisha seti inayofuata waone umebadilika. Kama unaamini ulikuwa sahihi, kwa mfano ulikuwa jukwaani na sahani za mpira, sema hivyo kwa utulivu na muulizeni msimamizi wote wawili kanuni ya pale ni ipi. Kanuni za jimu hazifanani. Ziko zinazokataza kuachia kabisa, na ukijiunga umekubali. Aliyeingia kwenye jimu isiyo na jukwaa akitaka kufanya snachi nzito, namshauri atafute jimu nyingine badala ya kupigana na sakafu ya hapo.

Ukinyanyulia nyumbani

Hapa hakuna msimamizi, kuna jirani. Kwenye nyumba ya chini yenye zege, jukwaa la kujitengenezea linatosha: tabaka mbili za plaiwudi nene zilizopishana ili maungio yasikutane, juu yake ubao katikati unaposimama, na mpira mzito pande mbili sahani zinapotua. Upana wa mita 2.4 kwa 2.4 unatosha. Ghorofani jukwaa hilo litaokoa vigae vyako, lakini mdundo utawafikia walio chini, kwa hiyo usiachie kitu chochote kutoka juu. Chagua mazoezi yanayokuruhusu kushusha: skwati za mbele kwa dambeli, kuvuta, kusukuma, dedilifti za kushuka polepole mpaka chini ya goti na kurudi bila kugusa sakafu. Mazoezi ya kuruka na kamba, fanya nje.

Kabla ya kuanza ratiba mpya, nenda kwa jirani wa chini umwombe kitu kimoja: akae chumbani kwake huku wewe ukiweka chini uzito wako mzito kuliko wote, mara tano, na simu ikiwa hewani akwambie anasikia nini. Muulize pia mtoto wake hulala saa ngapi. Kama anasikia mdundo, ongeza mpira, au punguza uzito, au hamishia zoezi hilo jimuni, kisha mpigie tena mjaribu upya.